Uzio Uliotoka Tumbo: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Uzio wa Sitaha kwa Modeli ya Meli ya Karatasi

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu modeli moja ya karatasi ya meli ya mizigo Cap San Diego, niliyoijenga kwa skeli ya 1:250 (milimita moja ya modeli ni milimita 250 za meli halisi), na vipande viwili vya uzio wa shaba ya njano ambavyo, miezi saba baada ya kubandikwa, vilianza kutoka tumbo kuelekea nje ya meli. Nilipokuwa navibandika niliamini kwamba nimeipa meli kilicho bora kuliko vyote, kwa kuwa shaba hiyo ndiyo iliyokuwa nyembamba zaidi na yenye mistari iliyonyooka zaidi miongoni mwa malighafi zote nilizokuwa nazo mezani. Niliutazama uzio peke yake, kana kwamba hausimami juu ya kitu chochote, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Cap San Diego ilishushwa majini mwaka 1961 katika kiwanda cha Deutsche Werft mjini Hamburg, ikiwa ya mwisho kati ya meli sita za aina moja, na hadi leo imehifadhiwa mjini humo kama meli ya makumbusho. Urefu wake unazidi kidogo mita 159, kwa hiyo kwa skeli ya 1:250, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi katika modeli za karatasi za Kijerumani, inakuwa na urefu wa karibu sentimita 64. Bodi yake ni nyeupe na mistari yake ni laini mno kwa meli ya mizigo, na uzuri huo ndio unaomtia fundi majaribuni, kwa sababu kwenye meli nyeupe yenye umbo la namna hiyo uzio mnene huonekana mara moja na kuiharibu sura yote.

Vipande vilivyopinda vilikuwa pembezoni mwa sitaha ndefu ya jengo la katikati, kimoja kila upande, na kila kimoja kilikuwa na urefu wa milimita 170 bila kiungo. Nilivigundua jioni moja nilipowasha taa ya mezani kutokea upande wa omo, yaani mbele ya meli. Kivuli cha uzio kwenye sitaha, ambacho kilipaswa kuwa mstari ulionyooka, kilikuwa kinayumba kama kamba iliyolegea. Nilipoleta lenzi niliona kwamba nguzo mbili zilikuwa zimeng'oka, na kwamba hazikung'oka kwenye gundi. Chini ya kila moja kulikuwa na kipande cha ngozi ya juu ya karatasi, chenye rangi ya sitaha upande mmoja na nyuzinyuzi nyeupe upande wa pili, kikiwa bado kimeng'ang'ania shaba. Kwenye sitaha kulibaki vidonda viwili vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini.

Hitimisho langu la kwanza lilikuwa kwamba karatasi ilikuwa dhaifu mahali pale. Nilivijaza vidonda kwa rangi, nikazirudisha nguzo kwa supaglu, na baada ya wiki tano nguzo nyingine tatu zikang'oka upande uleule. Sasa nilijua kwamba kuna nguvu inayosukuma, na kwamba kila nikiimarisha gundi ninaihamishia nguvu hiyo kwenye nguzo ya jirani.

Chanzo chake ni karatasi yenyewe. Karatasi hunywa unyevunyevu wa hewa na kuurudisha, na kila inapofanya hivyo hurefuka au kufupika. Mabadiliko hayo ni makubwa zaidi kukatiza mkondo wa nyuzi zake kuliko kuufuata, kwa sababu kila nyuzi hunenepa zaidi kuliko inavyorefuka. Sitaha yangu ilikuwa imebandikwa juu ya kadibodi ya milimita moja, na nilipochukua mabaki ya kadibodi ileile na kuyakunja taratibu pande zote mbili (hukunjika kwa urahisi zaidi kufuata mkondo wa nyuzi), niligundua kwamba nilikuwa nimeikata huku mkondo wa nyuzi ukipita upande wa upana wa meli. Maana yake ni kwamba urefu wa meli ulikuwa umeangukia upande unaocheza zaidi. Modeli ilijengwa katika miezi ya unyevunyevu, na uzio ukapinda hewa ilipokauka.

Shaba haijui habari ya unyevunyevu. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za selsiasi, kipande cha shaba ya njano cha milimita 170 hurefuka kwa takriban milimita 0.03, kiasi ambacho hakina maana yoyote katika kazi hii. Karatasi iliyo chini yake ikifupika kwa sehemu tatu tu katika elfu, imepoteza milimita 0.5. Mtu anaweza kusema kwamba nusu milimita katika meli ya sentimita 64 si kitu, na mimi nilisema hivyo hadi nilipokaa kupiga hesabu. Ufito mwembamba unaobanwa kutoka miisho yote miwili hupinda, na tumbo lake huwa kubwa mara nyingi kuliko kiasi ulichobanwa. Kwa ufito wa milimita 40, kubanwa kwa milimita 0.05 pekee kunatosha kutoa tumbo la karibu milimita 0.9. Jicho lisingeweza kamwe kuona upungufu wa milimita 0.05, ilhali tumbo la karibu milimita moja kwenye uzio wenye kimo cha milimita nne linaonekana hata na mtu anayepita tu.

Kwa hiyo swali likabadilika. Hapo awali nilikuwa nikiuliza ni malighafi ipi iliyo nyembamba kuliko zote. Sasa nikawa nauliza ni ipi itakayokubali kwenda na sitaha inapotaka kwenda, na kama hakuna, uzio ukatwe wapi ili usisukumane nayo.

Kabla ya kuzipima malighafi nilihitaji kujua ninatafuta vipimo gani. Mkataba wa kimataifa wa mistari ya shehena (alama za kiwango ambacho meli inaruhusiwa kuzama kwa mzigo) wa mwaka 1966 unataka uzio wa sitaha uwe na kimo kisichopungua mita moja, mwanya wa chini kabisa usizidi milimita 230, na mianya mingine kati ya fito isizidi milimita 380. Meli hii ilitangulia mkataba huo kwa miaka michache, lakini kiuno cha baharia ni kilekile, na vipimo hivyo vinatosha kuwa mwongozo. Ukivigawa kwa 250 unapata kimo cha milimita 4, mwanya wa chini wa milimita 0.9, na mianya ya juu ya milimita 1.5. Mwanya mmoja wa chini na miwili ya juu hukaribia kabisa kutimiza mita moja, na hiyo inaeleza kwa nini picha nyingi za meli za mizigo zinaonyesha fito tatu. Nguzo zikiwa mita moja na nusu kutoka moja hadi nyingine, kwenye modeli zinakuwa milimita 6. Bomba la juu lenye kipenyo cha milimita 40 linakuwa milimita 0.16, na nondo ya chini ya milimita 20 inakuwa milimita 0.08, ambayo ni karibu na unene wa unywele.

Hakuna malighafi ya kawaida inayofikia vipimo hivyo kwa fito zote, na ni heri kulikubali hilo mapema. Jicho zuri linaloangalia kutoka nusu mita hutenganisha mistari miwili iliyo umbali wa takriban milimita 0.15, kwa hiyo unene wa fito wa milimita 0.2 bado unasameheka. Kinachosaliti zaidi ni rangi. Ufito mweupe mbele ya kivuli huonekana mnene kuliko ulivyo, na ufito uleule ukipakwa kijivu hafifu sana hupungua machoni bila kupungua kwa kweli. Kwenye meli nyeupe kama hii rangi hiyo ya kijivu inasaidia kuliko kuhangaika kutafuta kitu chembamba zaidi kwa tofauti ya milimita 0.03.

Sasa shaba yenyewe. Uzio wa shaba ya njano hutengenezwa kwa bamba lenye unene wa kati ya milimita 0.1 na 0.2, ambalo hufunikwa kwa utando unaohisi mwanga, likapigwa picha ya mchoro, kisha kemikali ikala sehemu zote zisizokingwa. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukata kwa usawa wa namna hiyo. Ukiupinda hubaki ulivyoupinda, na ngazi za mteremko zilizotengenezwa hivyo, zenye vipago na mishikio yake, hazina mshindani. Lakini shaba tupu haishikwi na gundi nyeupe, na ndiyo maana nilitumia supaglu, ambayo huingia ndani ya karatasi na kuifanya iwe ngumu na yenye kukatika. Hicho ndicho kilichong'oa ngozi ya sitaha. Laiti ningeiosha shaba kwa siki, nikaisuuza, nikaipaka rangi ya msingi na kuibandika kwa gundi nyeupe, huenda nguzo zingeachia bila kujeruhi karatasi. Uzio ungepinda vilevile, ila ningebaki na sitaha nzima.

Karatasi ngumu iliyokatwa kwa leza ndiyo niliyokuwa nimeidharau. Unene wake katika seti nilizozijaribu ulikuwa kati ya milimita 0.2 na 0.25, fito zake ni nene kidogo kuliko za shaba, na kingo zake hutoka na rangi ya kahawia kwa sababu leza hukata kwa kuunguza. Ukiibandika bila kuipaka rangi, meli nyeupe hupata mistari ya kahawia inayofanana na kutu mahali pasipo na kutu. Ukiipaka kwa rangi yenye maji mengi, fito hulegea na kujipinda kabla hazijakauka. Nilijifunza kuiacha ndani ya fremu yake, kuipaka mapito matatu mepesi ya rangi isiyo na maji mengi, pande zote mbili, na kuikata kwenye fremu siku ya pili. Baada ya hapo inakuwa na sifa ambayo shaba haiwezi kuipata: ni karatasi juu ya karatasi. Unyevunyevu ukipanda inarefuka, ukishuka inafupika, na gundi nyeupe inaishika kama chanda na pete. Sharti lake ni kwamba mkondo wa nyuzi za uzio ulingane na ule wa sitaha, na hapa hakuna njia ila kujaribu kwa kukunja ukingo wa fremu.

Uzi na waya ni njia ya tatu, na kwa kweli ndiyo ninayoipenda, ingawa inakula muda bila huruma. Nguzo hukatwa kutoka kwenye waya wa koili wa shaba nyekundu, wenye kipenyo cha milimita 0.2, na hukitwa ndani ya matundu yaliyotobolewa kwa sindano kila milimita 6. Kisha uzi wa cherehani wa poliesta, uliopitishwa kwanza kwenye gundi nyeupe iliyotiwa maji ili manyoya yake yalale, huvutwa kutoka nguzo hadi nguzo na kudondoshewa tone la gundi kila unapopita. Uzi wa pamba haufai, kwa kuwa nao hunywa unyevunyevu na kubadilika urefu. Uzi wa lastiki ulio mwembamba sana hukaa vizuri zaidi, kwani unafuata sitaha kwa hiari yake, lakini ukiuvuta kupita kiasi utazilaza nguzo za mwisho. Nguvu ya mvuto iwe ndogo kiasi kwamba uzi unanyooka tu.

Nilizipitia pia njia mbili nyingine na kuziacha. Uzio uliochapishwa kwenye plastiki angavu una mistari myembamba ya kupendeza ukiutazama mbele kabisa, ila ukiinamisha kichwa kidogo plastiki inang'aa na meli inaonekana imezungushiwa kioo. Uzio wa kukata kwa kisu kutoka kwenye karatasi ya modeli ungeendana na sitaha kama ule wa leza, lakini kwa skeli hii sikuweza kupata ufito chini ya milimita 0.35 bila ufito wenyewe kukatika.

Ili kuzijaribu zile zilizobaki, nilikata kipande cha kadibodi chenye urefu wa milimita 200, mkondo wa nyuzi ukikatiza urefu, nikabandika juu yake karatasi ileile ya sitaha, na pembezoni nikaweka shaba ya milimita 170 isiyo na viungo, shaba ileile iliyokatwa vipande vya milimita 40 yenye mianya midogo, karatasi ya leza, na uzi juu ya nguzo za waya. Kwa siku nne nilikiweka ndani ya chombo cha plastiki chenye kitambaa kibichi kisichogusana nacho, kisha siku nne nyingine ndani ya chombo kikavu chenye pakiti za kunyonya unyevu. Nilirudia mzunguko huo mara tatu.

Shaba ndefu ilitoa tumbo katika mzunguko wa kwanza, mahali palepale katikati ambapo ilikuwa imetoa kwenye meli. Vipande vya milimita 40 vilivumilia, na mianya kati yake iliyokuwa upana wa unywele ilijifunga karibu yote hewa ilipokauka na kufunguka tena kwenye unyevu, jambo lililonionyesha kwa macho kabisa jinsi sitaha inavyopumua. Karatasi ya leza haikubadilika, isipokuwa sehemu moja niliyokuwa nimeisahau gundi ilinyanyuka kidogo. Uzi wa poliesta ulilegea kiasi cha kuonekana wakati wa ukavu, ukanyooka wakati wa unyevu, na hilo lilinishangaza hadi nilipokumbuka kwamba niliuvuta wakati kadibodi ilikuwa na unyevu, yaani katika urefu wake mkubwa. Ukivutwa siku ya hewa kavu utakuwa upande wa salama, kwa sababu sitaha itakaporefuka itaunyoosha badala ya kuulegeza, mradi nguzo zimekitwa vizuri.

Kutokana na hayo niliigawa meli. Sitaha zote ndefu za ubavuni zilipata karatasi ya leza iliyopakwa kijivu hafifu. Sitaha ya omo, ambayo huinuka na kupinda kwa pamoja, ilinipa shida zaidi, kwa sababu utepe bapa wa karatasi ukiufuatisha mpindo huku ukiupandisha, ufito wake wa juu hukunjamana. Pale niliweka nguzo za waya na uzi wa lastiki, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika meli hiyo. Shaba niliibakiza kwenye ngazi na kwenye pande mbili za daraja la nahodha, ambapo hakuna kipande kinachozidi milimita 30 na ambapo vidole hugusa kila meli inapohamishwa. Niliibakiza pia kwenye nusu duara ya tezi, yaani nyuma ya meli, kwa sababu ya umbo lake, nikiikata mara tatu. Kila mkato niliufanya kando ya nguzo, au mahali ambapo picha za meli zinaonyesha lango la kupandia, ili jicho lipate sababu ya kuuona mwanya na kuupita.

Kuna swali moja ambalo wanaochanganya malighafi huulizana kila mara, nalo ni kama tofauti ya unene itaonekana mahali karatasi inapokutana na shaba. Itaonekana zikikutana kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikikutana kwenye kona, au zikitenganishwa na ngazi au boti, jicho halina mahali pa kuzilinganisha. Kwa hiyo niliamua mipaka ya malighafi kabla ya kubandika chochote, nikaiandika kwa penseli juu ya nakala ya mchoro wa sitaha, na mara mbili nilihamisha mpaka kutoka katikati ya ubavu hadi kwenye kona kwa sababu hiyo pekee.

Kuondoa uzio wa zamani kulichukua muda mrefu kuliko kuweka mpya. Supaglu iliyoingia kwenye karatasi haitoki bila kuharibu rangi ya sitaha, kwa hiyo sikuigusa. Nilikata kila nguzo sambamba na sitaha kwa wembe mpya na kuviacha visigino vya shaba ndani ya karatasi. Uzio wa leza una utepe mwembamba chini unaounganisha nguzo zake, na utepe huo ndio uliofunika visigino pamoja na vidonda vyote isipokuwa kimoja, kilichokuwa ndani zaidi kwa nusu milimita. Hicho nilikipaka rangi ya sitaha kwa ncha ya kijiti, mapito manne, kila moja likikauka kabla ya jingine.

Modeli imepita sasa kipindi kimoja kizima cha unyevunyevu na kimoja cha ukavu. Kila mwanzo wa mwezi naiwashia taa ileile kutokea omo na kuangalia kivuli kwenye sitaha. Kwenye ubavu mstari umenyooka. Kwenye tezi mwanya mmoja kati ya vipande vya shaba hujifunga kabisa katika wiki za ukavu mkali, hadi vipande viwili vinagusana bila kusukumana, na kama ningeijenga upya ningeuongeza kwa upana wa unywele mmoja.